Nina mswada wa riwaya ya Kongwa: niupeleke tuzo gani, na huyu anayedai ada ni wa kweli?

Mwl_Kibaigwa

Wakuu habari zenu, wakubwa shikamooni.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku wilayani Kongwa. Kwa muda mrefu nimekuwa naandika riwaya usiku nikishamaliza kusahihisha madaftari, kwenye kauntabuku. Sasa imekwisha na nimeanza kuihamishia kwenye simu kidogo kidogo. Inamhusu kibarua mmoja wa Mpango wa Karanga, ule wa Waingereza ulioanza hapa kwetu mwaka 1947 kwa ndoto ya kulima ekari zaidi ya milioni 3, halafu ukafa 1951 na hasara yake. Babu yangu mzaa mama alikuwepo. Mengine kanisimulia yeye, mengine nimetunga.

Nasikia kuna Tuzo ya Mwalimu Nyerere, kuna ile ya Cornell, na kuna ya Jumuiya ya Madola. Sijui ipi inanifaa mtu kama mimi ambaye sijawahi kuchapisha hata shairi gazetini.

Halafu kuna mwalimu mwenzangu, msomaji kweli kweli, amenishauri nihamishie kisa chote Dar es Salaam. Anasema majaji ni watu wa Dar na Unguja, hayo mambo ya Kongwa na mibuyu hayatawaingia, na majina ya Kigogo yatawachosha. Nimeshindwa kulala.

La mwisho. Kwenye grupu moja la WhatsApp la waandishi, kuna mtu kanifuata inbox akisema ni mratibu wa tuzo ya kimataifa. Anataka elfu hamsini ya usajili kwa njia ya simu na mswada mzima kwenye Word. Anasema mwisho ni kesho saa sita usiku.

Naweka aya ya kwanza ya riwaya mnipime:

*"Ilikuwa asubuhi tulivu yenye umande, ndege wakiimba juu ya miti kwa furaha, jua likichomoza taratibu kutoka mashariki. Ndahani aliamka, akajinyoosha, akavitazama vilima vya Kongwa kwa mbali, akawaza juu ya maisha na safari yake ndefu hapa duniani."*

Nawasilisha.

Kijana_wa_Ng'hong'onha

Mwalimu usitume hata mia. Ngoja nikae mkao wa kula, wenye uzoefu waje.

MamaStesheneri_Dom

Mwalimu, hiyo shikamoo naipokea, marahaba. Nina wajukuu.

Nina stesheneri hapa Dodoma mjini, upande wa soko la Majengo. Nachapa barua za kuomba kazi, katiba za vikoba, ripoti za wanachuo, mialiko ya harusi, na miswada. Miswada ni mingi kuliko mnavyodhani. Mji huu una makarani, walimu, askari wastaafu na wanachuo, na kila wa tatu wao ana kauntabuku kabatini. Mimi nikichapa nasoma, sina namna. Kwa hiyo si mwandishi wala jaji, ila waandishi wa mkoa huu nawajua kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka pale walipochoka.

Naanza na huyo wa elfu hamsini kwa sababu kesho yake inakaribia. Muulize mambo haya kwa maandishi: tuzo inaitwaje, nani anaigharamia, washindi wa mwaka jana ni akina nani na vitabu vyao viko wapi. Tuzo ya kweli haina siri. Inatangaza vigezo, inatangaza washindi, na washindi huwa watu wenye majina unaoweza kuwatafuta. Hiyo ya Jumuiya ya Madola kuingia ni bure kabisa. Hizi za Kiswahili nyumbani sijawahi kumchapia mtu aliyeniambia amelipishwa kiingilio. Huko nje yapo mashindano halali yanayotoza ada, sikatai, lakini hayatozi kupitia namba ya simu ya mtu binafsi usiku wa manane. Na hata kama hataki hela, usimpe mswada mzima mtu usiyemjua.

Sasa tuzo zenyewe. Watu wanakuja hapa dukani wananiambia "mama, nichapie nipeleke kwenye tuzo", nikiuliza ipi wanasema zote. Hakuna kitu kama zote. Kila moja ina kipimo chake, na wewe tayari una kitu mkononi chenye urefu wake. Tafuta tuzo inayolingana na ulichonacho. Usianze kukata riwaya ili iingie kwenye tuzo.

Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ipo chini ya Wizara ya Elimu, inaratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Ilizinduliwa 2022, na washindi wa mwanzo walitangazwa Aprili 2023, tarehe 13, siku aliyozaliwa Mwalimu. Ilianza na riwaya na ushairi, baadaye zikaingia hadithi za watoto na tamthiliya. Mshindi wa kwanza milioni 10, wa pili 7, wa tatu 5. Lakini mimi nikwambie, kwa mtu kama wewe hela siyo kubwa kuliko hili jingine: mswada ulioshinda serikali inabeba gharama ya kuuchapisha na kuusambaza mashuleni na maktaba. Mwandishi wa Kongwa atapata wapi tena mtu wa kumpelekea kitabu mpaka Kigoma na Mtwara? Hapa dukani nimeshaona watu wakijichapishia wenyewe nakala kwa mkopo wa kikoba, wanazunguka nazo kwenye mkoba maofisini kule mji wa serikali Mtumba, mtumishi ananunua moja kwa kuona haya.

Ile unayoiita ya Cornell ilianzishwa 2014 na Mukoma wa Ngugi na Lizzy Attree, ikaitwa Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell ya Fasihi ya Afrika. Sasa inakwenda kwa jina la Safal. Mabati kweli ni mabati ya kuezekea, watoaji wa fedha ni kundi la viwanda ambalo huku kwetu ndilo lenye ALAF. Kwa hiyo ukiangalia juu ukaona paa lako la ALAF, jua kuna mshairi alikula humo. Ilipoanza, zawadi zote kwa jumla zilikuwa dola 15,000 za Marekani. Hii inawapokea Waswahili wa popote, Kenya, Zanzibar, ughaibuni, kwa hiyo ushindani wake ni mkali. Inapokea miswada na hata vitabu vilivyotoka karibuni, na vitabu vya washindi wake kadhaa vimechapishwa na kampuni ya Mkuki na Nyota. Mwaka wa kwanza wa ushindi, 2015, upande wa riwaya alishinda Anna Samwel Manyanza, upande wa mashairi Mohammed Ghassani. Mwaka 2018 Zainab Alwi Baharoon akachukua riwaya. Tafuta vitabu vyao usome kabla hujatuma. Siyo uige. Usome uone walipoanzia, maana nitarudi kwenye hilo la kuanzia.

Ya Jumuiya ya Madola ni hadithi fupi, maneno 2,000 mpaka 5,000 basi. Wanapokea Kiswahili, hulazimiki kuandika Kiingereza. Mshindi wa kanda anapata paundi 2,500, wa jumla 5,000. Miaka ya karibuni dirisha limekuwa likifunguliwa Septemba na kufungwa 1 Novemba. Riwaya yako haiingii humo. Na usiikate sura moja ukaipeleka, maana hadithi wanayoitaka ni ile ambayo haijatoka popote, nzima au kipande, na ikishinda wanaichapisha. Hapo utakuwa umeutoboa mswada wako mwenyewe. Andika hadithi nyingine.

Kuna na Tuzo ya Caine, ya hadithi fupi za Waafrika, usisumbuke nayo kwa sasa. Ile ni ya hadithi ambayo imeshachapishwa, tena iwe kwa Kiingereza au imetafsiriwa.

Sasa la Dar es Salaam. Mwambie huyo mwalimu mwenzako akusamehe. Nimechapa riwaya za watu waliozaliwa Mpwapwa, Kondoa, Manyoni, na zote zinaanzia Kariakoo. Kijana hajawahi kupanda daladala ya Mbagala, anaandika foleni ya Mbagala. Unaona kabisa hajui, kwa sababu foleni yake haina joto wala harufu, ni foleni ya kusimuliwa. Mtu huyohuyo umwambie aeleze mnada wa ng'ombe, atakueleza mpaka jinsi dalali anavyomfinya ng'ombe mgongoni. Hilo haliandiki. Anaona ni la kawaida.

Mathias Mnyampala alikuwa Mgogo, wa Ihumwa hapo hapo unapopita ukienda Mtumba, kazaliwa 1917. Hakuzaliwa Tanga wala Lamu. Akaandika historia na mila za Wagogo, akatunga mashairi, na ngonjera unazowafundisha watoto wako shuleni ni mkono wake. Majina ya Kigogo hayakumzuia.

Na Kongwa unayoambiwa haijulikani! Kuna sehemu ngapi Tanzania ambako Waingereza walileta matrekta yaliyotengenezwa kutokana na vifaru vya vita ili kupigana na mibuyu? Ukihamishia Dar utapigana na nini, nazi?

Aya yako ya kwanza nitasema ukweli, usinune. Hiyo asubuhi tulivu nimeichapa mara nyingi kuliko barua za kuomba kazi. Ndege wanaimba, jua linachomoza taratibu, mhusika anajinyoosha. Ningekuwa jaji nina rundo la miswada mezani, ningekuwa nimeshalala kabla Ndahani hajaamka. Na umande! Mwalimu, wewe ni wa Kongwa, umande huo mwezi gani? Tutafutie humo ndani pale ambapo babu yako alipokuwa anasimulia sauti ikabadilika. Tuwekee hiyo. Kifupi tu, usimwage riwaya nzima hapa.

Mzee_wa_Mizani

Nawasalimu nyote. Niko Manyoni, mwalimu mstaafu.

Mama Stesheneri amesema mengi ya kweli, ila ameruka jambo. Mashindano haya hayakuanza jana. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alishinda shindano la kuandika hadithi la Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki mwaka 1957/58, kitabu kikatoka 1960, *Mzimu wa Watu wa Kale*, na yule mpelelezi Bwana Msa akazaliwa humo. Kizazi chetu kilisoma upelelezi kwa Kiswahili kwa sababu mtu mmoja alituma mswada wake kwenye shindano. Kwa hiyo tuma, mwalimu. Wanaosema tuzo ni za kujuana waache waseme, wengi wao hawajawahi kumaliza mswada.

Lakini lugha uiangalie. Mimi ni mtu wa mizani, nane kwa nane, na vina vyangu vya kati na vya mwisho havilegei. Najua riwaya haina mizani, ila ina nidhamu. Kigogo mdomoni mwa wahusika sawa, kidogo, pale ambapo msomaji wa Pemba ataelewa kutokana na kinachotendeka. Ukianza kujaza Kigogo kila mstari halafu unaweka faharasa nyuma kama kitabu cha sayansi, unamfukuza msomaji. Na Kiswahili chenyewe kiwe sanifu. Sisi watu wa bara tuna tabia ya kuchezea ngeli. "Nyumba yake ile kubwa kilianguka." Jaji atakusamehe mbuyu, hatakusamehe hilo. Nunua kamusi.

Kwa wanaotunga mashairi humu, ipo Tuzo ya Ushairi ya Ebrahim Hussein, na mashairi ya washindani yamewahi kukusanywa katika diwani. Msidharau kwa kuwa haitajwi sana.

MamaStesheneri_Dom

Mzee wangu wa Manyoni shikamoo. Kwenye ngeli tuko pamoja. Kwenye Kigogo hatuko pamoja sana. Ndahani akipigwa na mnyapara hatalia kwa Kiswahili cha kamusi. Lakini faharasa nyuma, hapo nakuunga mkono, nimezichapa, zinachosha mkono na mtu hazisomi.

Mzee_wa_Mizani

Marahaba mama. Alie kwa Kigogo, basi. Asihutubie.

Mwl_Kibaigwa

Asanteni sana. Mama, sikununa, ila mke wangu amecheka sana hapo kwenye umande.

Yule mratibu nilimuuliza jina la tuzo na washindi wa mwaka jana. Akaniambia nina dharau, kisha akashusha ada ikawa elfu thelathini. Nimemzuia.

Kipande ulichoomba kipo katikati ya sura ya nne. Ndipo babu alipokuwa akifika ananyamaza, anaomba maji:

*"Trekta liligonga mbuyu mara ya kwanza, mbuyu ukatoa vumbi tu. Mara ya pili dereva, Mzungu mwenye kaptula ya kijeshi, alirudi nyuma mpaka kwenye kichaka, akaja kwa kasi. Shina likapasuka. Ndani hamkuwa na mti, mlikuwa na nyuki. Ndahani alikuwa ameshika mnyororo na hakuuachia, maana asubuhi mnyapara alisema atakayeachia mnyororo anakatwa posho ya siku. Mzungu alikimbilia pipa la maji. Wenzake walikimbilia kwenye matembe. Jioni karani alipita na daftari lake, akamkuta amelala chini uso umevimba, macho hayaonekani. Akamuuliza, 'Mnyororo uko wapi?'"*

Naomba kuuliza tena. Nikituma, hawawezi kuniibia? Na sura mbili za mwanzo niliwahi kuzirusha kwenye ukurasa wangu wa Facebook, watu wakapenda. Ni tatizo?

MamaStesheneri_Dom

"Mnyororo uko wapi?" Mwalimu, riwaya yako inaanzia hapo. Sura tatu za nyuma yake sizijui, lakini naweza kukisia: kazaliwa, kakua, kachunga ng'ombe, kapata habari ya kazi. Hizo zigawe, zinyunyize mbele, msomaji akishakuwa upande wa huyu mtu aliyevimba uso atataka mwenyewe kujua alitokea wapi. Nilivyosoma hapa nimeita binti anayenisaidia duka akasome. Kasema, "karani mshenzi huyo." Karani hajasema hata matusi.

Ona pia ulichofanya bila kujua. Hukusema aliumia. Hukusema ukoloni ni mbaya. Karani kauliza mnyororo tu. Mimi hapo kwenye aya ya kwanza uliniambia Ndahani anawaza juu ya maisha na safari yake ndefu duniani, sikumwona. Hapa hawazi chochote, kashika mnyororo, namwona mpaka vidole.

Facebook waachie vijana wajibu, mimi nina mteja wa mialiko.

Kijana_wa_Ng'hong'onha

Nipo Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), nasoma sheria, naandika hadithi fupi pembeni. Shikamoo mwalimu.

Hakimiliki: kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, kazi ni yako tangu ulipoiandika, hata ikiwa kwenye kauntabuku, na inalindwa maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Kusajili si sharti ndipo uwe mmiliki. Ila kusajili COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, kunakupa ushahidi siku mtu akikugeuka. Hizo kauntabuku zenyewe ni ushahidi pia, zenye mwandiko wako na mistari uliyofuta. Usizitupe ukishachapa. Na kabla ya kutuma jitumie mswada kwa barua pepe yako mwenyewe, tarehe ibaki pale.

Mimi wizi wa tuzo kubwa siuogopi sana. Ninachokiogopa ni vigezo na masharti ambavyo watu hawasomi. Kuna mashindano madogo ya mtandaoni yanaandika chini kabisa kwamba kila kazi iliyotumwa, ishinde isishinde, inakuwa mali ya mwandaaji. Ukiona sentensi hiyo funga ukurasa. Anayeshinda kuchapishwa mara moja na mwandaaji ni sawa. Anayeshindwa kunyang'anywa si sawa.

Facebook: inategemea tuzo. Zile zinazotaka kazi ambayo haijachapishwa, nyingi zinahesabu mtandaoni kuwa ni kuchapisha. Zifute hizo sura sasa hivi, na soma masharti ya mwaka huo kabla ya kutuma. Kama bado una shaka waandikie waandaaji uwaulize. Wanajibu. Vilevile usitume mswada mmoja tuzo mbili kwa wakati mmoja kama masharti yanakataza. Vijana wengi tunafanya hivyo tukiamini hatutashinda yoyote, halafu siku ukishinda mbili unaumbuka.

Na nyongeza, maana nimeona kwa wenzangu hosteli: usimpe roboti wa akili mnemba akuandikie wala "akuboreshee". Mwenzangu mmoja aliuweka mswada wake humo, ukarudi wahusika wote wanaongea kama taarifa ya habari. Bibi wa kijijini anasema "kwa kuzingatia hali halisi". Mashindano mengi sasa yana kipengele cha kukataa kazi za namna hiyo.

MamaStesheneri_Dom

Nimerudi. Kijana amejibu vizuri, mwanangu Mungu akubariki umalize hiyo sheria.

Namalizia ya mikono, maana watu wanaangushwa na vitu vya kijinga.

Jina lako lisiwemo ndani ya mswada kama wamesema lisiwemo. Wengi wanaweka jina kila ukurasa chini kwa fahari, na wengine wanaweka shukrani ukurasa mzima, "namshukuru mke wangu fulani na mkuu wangu wa shule fulani". Jaji akishajua wewe ni nani, kanuni imevunjika, umetolewa kabla hujasomwa. Jina linakwenda kwenye fomu.

Herufi za kawaida, Times New Roman ukubwa wa 12 kama hawakutaja nyingine, nafasi ya mstari na nusu au miwili, namba za kurasa. Usipambe. Kuna mzee aliniagiza kila sura ianze kwa herufi nyekundu yenye maua. Nikamwekea, hela yake. Lakini nilimwambia.

Kusahihisha kwa Kiingereza kwenye simu kuzime. Mwanachuo mmoja aliniletea riwaya aliyoandika yote kwa simu, kila "kama" imekuwa "karma". Mhusika anakimbia "karma swala". Tulitafuta moja moja.

Hesabu maneno kwenye kompyuta, usikisie kwa kurasa. Fungua faili kwenye kompyuta nyingine kabla ya kutuma uone haijavurugika. Na usitume usiku wa mwisho. Huku kwetu umeme na mtandao vina siku zao, na tuzo haijui habari za Kibaigwa.

Bei yangu ya kuchapa inajulikana, sitaitaja hapa watu wasije wakasema natangaza biashara. Ila nikushauri jambo lililo kinyume na mfuko wangu: chapa mwenyewe. Mwandishi akichapa mwenyewe anafuta. Mimi nikikuchapia nachapa kila kitu, mpaka umande.

Mwl_Kibaigwa

Nimeshafuta zile sura Facebook. Nimeamua hivi: riwaya inakwenda Tuzo ya Nyerere dirisha likifunguliwa, na inabaki Kongwa na majina yake. Naanza upya na mnyororo. Hiyo hadithi fupi ya Jumuiya ya Madola nitaandika nyingine kabisa, nina kisa cha soko la mahindi la hapa Kibaigwa, mizani ya dalali mmoja.

Mwalimu mwenzangu nimemwonyesha uzi huu. Kasema basi angalau karani atoke Dar.

MamaStesheneri_Dom

Karani anaweza kutoka Dar, hapo hatugombani naye.

Ukimaliza rasimu njoo na flashi tuipange kurasa. Njoo Jumamosi mchana, Jumatatu asubuhi hapa ni foleni ya watu wa ofisini na vyeti vyao vya kudurufu. Na mizani ya dalali, mwalimu, usituambie inaiba. Tuonyeshe mkono wake tu.

Mwenye_Jukwaa

Samahani kuingilia uzi. Mimi nipo Singida nina tamthiliya, wahusika wengi, imeshachezwa na wanafunzi kwenye mahafali. Kuchezwa nako kunahesabiwa ni kuchapishwa?

Kijana_wa_Ng'hong'onha

Mkuu, kuigiza jukwaani na kuchapisha ni vitu viwili kisheria, lakini tuzo inaweza kuwa na kanuni yake. Soma tangazo la mwaka huo upande wa tamthiliya, na kama halisemi, uliza kabla hujatuma. Kuna mtu aliirekodi hayo mahafali akaiweka YouTube?

Mwenye_Jukwaa

Mkuu wa shule aliirekodi. Ngoja nimpigie.